Kutangatanga kwa mwenye dimenshia ni nini hasa, na unamlindaje

Neno tunalotumia linatuharibia mambo mapema sana. Majumbani kwetu utasikia "mzee anazurura siku hizi" au "bibi katoroka tena", na ukishasema katoroka basi kinachofuata ni kufuli. Kwenye dimenshia, kutangatanga maana yake ni mtu mwenye ugonjwa wa kusahau kuondoka mahali salama, iwe nyumbani, kanisani au sokoni alipokuwa kashikwa mkono, halafu akashindwa kujua yuko wapi na atarudi vipi. Watu wanachanganya kutembea na kupotea. Mzee kutembea ni afya, miguu inataka kazi, wala usimnyime. Cha kuogopa ni kupotea.

Na dimenshia sio uzee wa kawaida, hili naomba tuelewane. Kila mzee husahau miwani kaiweka wapi, mwenye dimenshia anafika mahali anaishika miwani mkononi na hajui ni ya nini. Chanzo kikubwa ni ugonjwa wa Alzheimer, unaobeba asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa wote, vingine ni kiharusi na magonjwa mengine ya ubongo. Wala sio ugonjwa wa Ulaya kama wengine wanavyosema, utafiti uliofanyika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, mwaka 2010 ulikuta kama watu 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na kuendelea wanao. Shirika la Alzheimer's Association la Marekani linasema wagonjwa 6 kati ya 10 watapotea angalau mara moja, na aliyepotea mara moja anaweza kurudia.

Kwanini wapotee? Ndani ya ubongo kuna sehemu inaitwa hipokampasi, ndiyo inayotunza mambo mapya na ndiyo inayochora ramani ya mahali ulipo. Wanasayansi waliogundua chembe za ubongo zinazofanya kazi ya ramani hiyo, John O'Keefe pamoja na May-Britt Moser na Edvard Moser, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2014. Sasa Alzheimer inaanza kula sehemu hizo hizo kabla ya nyingine, ndio maana mtu anaweza kuwa anaongea vizuri tu, anakumbuka bei ya kahawa ya zamani, lakini njia ya kutoka dukani kurudi kwake imefutika. Yaani mzee kupotea njia aliyoizoea inaweza kuwa dalili ya kwanza kabisa, kabla hata hajaanza kusahau majina ya watu.

Nieleze kwa bibi yetu maana kwake ndiko nilikojifunza. Bibi alizaliwa Machame, kule kule Kilimanjaro, kaishi kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, miaka yote, alipoanza kusahau mamkubwa akamleta Dar, Kimara, ili aangaliwe. Nia njema kabisa, ila kumbe ukimtoa mgonjwa kwenye nyumba aliyoizoea unamuondolea na ile ramani ndogo iliyobaki. Akawa anaamka saa kumi na moja alfajiri anaenda getini, anahangaika na komeo, tukimrudisha ndani analia. Tukasema ndio hivyo, akili imeondoka. Siku moja mamkubwa akamwangalia vizuri badala ya kumvuta mkono, akaona bibi kachukua kanga yake kaikunja kunja kaisokota mviringo kaiweka kichwani. Ngata! Bibi alikuwa anaenda kukata majani ya ng'ombe, kama alivyofanya kila siku maisha yake yote, na pale getini alikuwa anatafuta mundu.

Mimi tangu siku ile sitaki tena kusikia neno kutoroka. Mtu anayetangatanga kwa macho yetu, moyoni mwake ana safari. Mwingine anaenda kazini, na kustaafu kastaafu zamani. Mwingine anamtafuta mama yake, au anasema "nataka kwenda nyumbani" na yuko nyumbani, maana nyumbani anakokutaka ni kule kwa utotoni. Ukijua safari ni ya wapi umepata nusu ya dawa. Mamkubwa akawa ananunua mzigo wa majani kwa kijana anayefuga mbuzi pale jirani, asubuhi bibi anayachambua na kuyafunga mafungu uani, anachoka vizuri, na getini akawa haendi kila siku kama zamani. Sikudanganyi kwamba aliacha kabisa, ila ilipungua sana.

Kuna sababu nyingine ambazo ni za kawaida mno mpaka tunazipita. Choo. Mzee aliyezoea choo cha nje kijijini akibanwa usiku anatoka nje, mwili wake unajua choo kiko nje, na akishatoka hajui mlango ulikuwa upi. Acha taa ya njia ya chooni inawaka usiku kucha na mlango wa choo uwe wazi aone ndani, na mpeleke kabla ya kulala. Njaa, kiu, maumivu ambayo hawezi kuyasema, hivyo vyote vinamtoa mtu kitini. Halafu jioni kuanzia kama saa kumi na moja wengi wanaingiwa na fadhaa, giza linavyoingia wanaanza kusema wanataka kuondoka, saa hiyo ndiyo ya kuwa naye karibu, sio saa ya dada wa kazi kuachiwa peke yake huku anapika. Na kama mtu alikuwa katulia halafu ghafla ndani ya siku mbili tatu kachanganyikiwa kuliko kawaida, mpeleke hospitali akapimwe, inaweza kuwa maambukizi ya mkojo, malaria au dawa mpya aliyopewa, na hivyo vinatibika.

Kuhusu mlango sasa. Usimfungie mtu ndani peke yake ukaenda zako kazini, hata kwa nusu saa, moto ukitokea au akianguka ndio basi. Komeo likae juu kabisa au chini kabisa, mahali ambapo macho yake hayaendi, pazia likining'inia mbele ya mlango wengine hawauoni kama mlango tena. Viatu, mkoba, kofia ya kutokea na funguo visikae mlangoni maana mtu akiona kofia mwili unakumbuka safari. Kengele ya mbuzi ukiifunga kwenye geti inatosha kuwaamsha, wala huhitaji mitambo. Mwenye uwezo anunue saa au kifaa cha GPS, kile kinachoonyesha kwenye simu mtu yuko wapi, ni kizuri, ila kinataka chaji na kinataka kuvaliwa. Sisi tulishonea namba mbili za simu kwenye pindo la gauni na ndani ya kanga, namba tu, bila jina la mtaa wala namba ya nyumba, maana sio kila anayemwokota mzee ana nia njema. Kisima kifunikwe, korongo la nyuma ya nyumba liwekewe uzio hata wa miti.

Halafu majirani. Hapa ndipo familia nyingi tunakosea kwa sababu ya aibu, tunamficha mgonjwa, na siku akitoka hakuna anayejua kwamba anaumwa. Kwetu hii ni suala la uhai. Bibi kizee anayekutwa uani kwa watu alfajiri, nguo nusu, hajui alifikaje, anaongea maneno yasiyoeleweka, watu hawasemi huyu ni mgonjwa kapotea, wanasema mchawi kadondoka. Pale Marani, Kisii, nchini Kenya, Oktoba 2021, wanawake wanne wazee waliuawa kwa tuhuma za uchawi, na kanda ya ziwa huku kwetu vikongwe wameuawa kwa macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni miaka yote ya kuwapikia watu. Nenda mwenyewe kwa mjumbe, kwa mwenye duka, kwa mama wa vitumbua, kijiwe cha bodaboda, msikitini na kanisani, mpeleke na mgonjwa mwenyewe wamuone sura, sema wazi, mama yangu ana ugonjwa wa kusahau, mkimuona peke yake mkalisheni mnipigie. Bodaboda hasa, maana mzee akiwaambia "nipeleke stendi" watampeleka kwa heshima zote na atapanda basi.

Akipotea usisubiri. Hii habari ya saa 24 ndio uripoti ifuteni vichwani. Tafuta kwanza ndani, chumba kwa chumba, mpaka stoo na nyuma ya mlango, kisha kuzunguka nyumba, dakika 15 zikipita piga simu polisi, Tanzania ni 112, huku wengine wanatafuta. Wengi hukutwa sio mbali. Wanatembea mbele mbele mpaka njia iwakwamishe, kwa hiyo angalia vichakani, mtaroni, kwenye mapagala, shambani kwa mtu. Na usitegemee kuita tu, wengi hawaitiki hata wakikusikia, unaweza kupita hatua tano kutoka alipo. Anza na kule alikokuwa anakutaja wiki hiyo.

Uingereza polisi wana fomu inayojazwa mapema kabla mtu hajapotea, inaitwa Herbert Protocol, imepewa jina la George Herbert, mwanajeshi aliyepigana Normandy ambaye alikuwa na dimenshia na alikuwa akitoka kwenda kutafuta nyumba ya utotoni kwake. Sisi tuliandika yetu kwenye karatasi ya daftari, ikabandikwa kwenye friji na picha yake kwenye simu za watu wote wa nyumbani, na kila asubuhi anapigwa picha nyingine ili nguo za siku ile zijulikane. Tuliandika dawa, kovu la mguuni, sehemu alizowahi kuishi, jina la utoto maana la ubatizo haliitikii tena. Tuliandika pia kwamba Kiswahili kimemtoka na amebaki na Kimachame, kwa hiyo asipojibu sio kiburi. Na chini kabisa mamkubwa aliongeza kwa mkono wake: ukimkuta usimuulize anaenda wapi, mwambie majani yameshapatikana, ng'ombe wameshakula, atakufuata.