Nani aliamua kitufe kikae pale? Wepesi wa kutumia programu huria na watu wanaoziongoza

Mtu amemaliza kurekebisha picha kwenye GIMP, mojawapo ya programu huria. Anafungua menyu ya faili, anabofya pa kuhifadhi, anaandika jina linaloishia na .jpg kama alivyozoea kwingine. Programu inamkatalia. Inamweleza kwamba hapo zinahifadhiwa faili za XCF tu, yaani za GIMP yenyewe, na kwamba akitaka JPEG apitie sehemu nyingine, ya kuhamisha faili. Anayekutana na ujumbe huo kwa mara ya kwanza hudhani programu imeharibika, kumbe hivyo ndivyo ilivyokusudiwa tangu toleo la 2.8 lililotoka Mei 2012. Waliotengeneza walikuwa na sababu. JPEG hutupa matabaka ya picha na sehemu ya ubora wake, kwa hiyo waliona ni hatari mtu aambiwe kazi yake imehifadhiwa, afunge dirisha, kisha kesho yake akute nusu ya jasho lake limepotea. Malalamiko yalimiminika kwa miaka. Msimamo haukubadilika, na toleo la 3.0 lilipotoka Machi 2025 utaratibu ulikuwa ule ule.

Maoni yangu ni kwamba sababu yao ni nzuri ila njia waliyoichagua ni mbaya. Programu ikishatambua mtumiaji anataka JPEG, impe JPEG na imwonye atakachopoteza. Kumkatalia ni kumwadhibu kwa kutojua. Lakini maoni yangu hayana uzito wowote katika mradi ule, na hapo ndipo penye jambo ninalotaka tulijadili. Wengi tunazungumzia programu huria kana kwamba vitufe na menyu vilianguka kutoka mbinguni. Kila kimoja kipo pale kwa sababu kuna mtu aliyekuwa na mamlaka ya kukiweka, na mwingine ambaye hakuwa na mamlaka ya kukiondoa.

Programu huria ni ile ambayo leseni yake inamruhusu yeyote kuitumia, kusoma msimbo wake, yaani maelekezo yaliyoandikwa kuiunda, kuubadilisha na kuusambaza. Linux, Firefox, LibreOffice na VLC ni za namna hiyo. Ruhusa hiyo ni kubwa, ila watu huipa maana isiyo yake. Leseni inakupa haki ya kuubadilisha msimbo kwenye kompyuta yako. Haimlazimishi mtu yeyote kukusikiliza, kukujibu, wala kupokea badiliko lako kwenye programu rasmi ambayo wengine wote wanaipakua.

Kabla ya kufika kwa viongozi, niondoe dhana moja: kwamba wepesi wa kutumia ni suala la ladha, huyu anapenda hivi na yule vile. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9241-11, kilichorekebishwa mwaka 2018, kinataka tuangalie kama watumiaji fulani, katika mazingira fulani, wanafikia lengo walilokusudia, kwa gharama gani ya muda na juhudi, na wakiwa wameridhika kiasi gani. Kwa hiyo anayesema programu ni rahisi hajasema kitu mpaka aeleze ni rahisi kwa nani na kwa kazi gani. Mwaka 1999 watafiti Alma Whitten na J. D. Tygar waliwapa watu 12 programu ya PGP 5.0, iliyosifiwa wakati huo kwa sura yake nzuri, wakawapa dakika 90 watume barua pepe iliyofungwa kwa siri na kutiwa saini ya kidijitali. Ni theluthi moja tu waliofanikiwa. Watatu waliituma ile siri yenyewe ikiwa wazi, kwa bahati mbaya. Hesabu za usalama ndani ya programu hazikuwa na kasoro, ila mtumiaji alipotelea kwenye skrini, na ulinzi wote ukawa kazi bure.

Kasoro za aina hii si ghali kuzigundua. Jakob Nielsen, mmoja wa wataalamu wanaojulikana zaidi katika fani hii, amekuwa akisema tangu mwaka 2000 kwamba ukiwaketisha watu watano tu mbele ya programu na kuwatazama wakihangaika, utaona sehemu kubwa ya matatizo yake. Watu watano! Kwa nini basi miradi mingi haifanyi hivyo?

Kwa sababu katika miradi mingi ya kujitolea, anayesikilizwa ni anayeandika msimbo. Hilo si ubaya wa tabia, ni matokeo ya jinsi kazi inavyokwenda: mwenye kuleta badiliko lililokamilika anarahisisha kazi ya mtunzaji wa mradi, na mwenye kuleta lalamiko anamwongezea mzigo. Mtumiaji anayesema "sikuelewa nibofye wapi" hujibiwa kwamba kama hapendi, aandike msimbo ulio bora. Jibu hilo nimelisoma mara nyingi na sijawahi kuona likiboresha programu. Mwenye uwezo wa kuandika msimbo huo kwa kawaida hakupotea kwenye menyu. Aliyepotea ndiye mwenye habari mradi unayoihitaji, na ndiye aliyefungiwa mlango.

Blender inaonyesha hali inavyokuwa pale uongozi unapokuwa tofauti. Programu hiyo ya kuchora na kuhuisha picha za pande tatu ilikuwa na desturi iliyowashangaza wageni wote: kitu kilichaguliwa kwa kubofya kitufe cha kulia cha kipanya. Wazoefu waliitetea kufa na kupona. Hata hivyo, toleo la 2.80 la Julai 2019 liliweka kitufe cha kushoto kuwa chaguo la kawaida, na wazoefu wakaachiwa nafasi ya kurudisha ya zamani kwenye mipangilio. Badiliko kama hilo liliwezekana kwa sababu Blender ina wakfu wenye fedha za kuajiri watengenezaji, ilikuwa na mtu mwenye neno la mwisho tangu mwanzo, Ton Roosendaal, na kwa miaka mingi imekuwa ikitengeneza filamu fupi zake yenyewe huko Amsterdam, wachoraji wakifanya kazi bega kwa bega na waandishi wa msimbo. Kitufe kikimkera mchoraji, mwandishi wa msimbo anasikia siku hiyo hiyo. Inafaa kukumbuka pia kwamba msimbo wenyewe uliwekwa huria mwaka 2002 baada ya umma kuchanga euro 100,000 kuununua kutoka kwa wawekezaji wa kampuni iliyokuwa imefungwa. Watumiaji walikuwa na hisa ya kimaadili tangu siku ya kwanza.

Mtu mmoja mwenye neno la mwisho ni mfumo unaofanya kazi vizuri hadi siku anapochoka. Guido van Rossum aliiongoza Python, lugha ya kuandikia programu, tangu alipoitoa mwaka 1991, akiitwa, nusu utani, dikteta mwema wa maisha. Julai 2018, baada ya mabishano makali juu ya pendekezo moja la kuongeza alama mpya katika lugha, alijiuzulu. Hakutaja mrithi. Aliwaachia waandishi wakuu wa mradi waamue wenyewe watakavyojitawala, nao wakatumia miezi kadhaa kujadili kabla ya kuchagua, Desemba mwaka huo, mfumo wa baraza la watu watano wanaopigiwa kura. Kifungu kimoja cha utaratibu wao nakipenda sana: wajumbe wasizidi wawili kutoka kwa mwajiri mmoja. Maneno machache, lakini yanazuia kampuni moja kuuchukua mradi kimyakimya kwa kuajiri wajumbe.

Debian, mfumo endeshi wa kompyuta uliojengwa juu ya Linux, imekwenda mbali zaidi. Ina katiba tangu 1998 na kiongozi anayechaguliwa kila mwaka. Penye wengi pana mengi, na mwaka 2014 yalikuwa mengi kweli. Mjadala ulihusu systemd, programu inayoamsha huduma nyingine kompyuta inapowashwa. Kamati ya ufundi iligawanyika nusu kwa nusu na kura ya uamuzi ya mwenyekiti ndiyo iliyoamua. Wanachama waliporudi kupiga kura juu ya suala hilo hilo mwezi Novemba, chaguo lililoshinda ni lile lililosema hapakuwa na haja ya kupitisha azimio lolote. Kundi ambalo halikuridhika lilijitenga na kuanzisha Devuan. Utaratibu huu unachosha na unachekesha, lakini kila hatua yake imeandikwa, na anayetaka kujua uamuzi ulifikiwaje anaweza kuusoma wote.

Kujitenga huko ndiko vyombo vya habari hupenda kukuita vita au kifo cha mradi. Msomaji asishtuke na vichwa vya habari. Auulize mradi swali moja: watengenezaji wamekwenda upande gani? Kampuni ya Oracle iliponunua kampuni ya Sun Microsystems mwanzoni mwa 2010, ilirithi jina la OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi. Septemba mwaka huo watengenezaji wengi waliunda wakfu wao, The Document Foundation, na kutoa LibreOffice kutokana na msimbo ule ule. Jina likabaki kwa Oracle, ambayo mwaka uliofuata ililikabidhi kwa wakfu mwingine, Apache Software Foundation, pamoja na msimbo wake. Toleo la 4.1 la OpenOffice lilitoka mwaka 2014, na tangu hapo yamekuwa yakitoka marekebisho madogo madogo ya toleo hilo hilo, huku LibreOffice ikitoa matoleo makubwa mara mbili kwa mwaka. Wapo wanaopakua OpenOffice hadi leo kwa sababu ndilo jina walilolisikia zamani. Wanafungua nyaraka mpya kwa programu iliyosimama, kisha wanalaumu programu huria zote kwa ujumla.

Habari nyingine zinazojirudia ni za kampuni kubadilisha leseni. Machi 2024 kampuni iliyo nyuma ya Redis, hifadhidata inayotumika kwenye seva nyingi, iliacha leseni yake ya awali ikachukua masharti yenye vizuizi zaidi. Siku chache baadaye baadhi ya watengenezaji wake walikuwa wameanzisha Valkey kutokana na msimbo ule ule, chini ya wakfu wa Linux Foundation. Mei 2025 Redis ilirudisha leseni huria, AGPL, kuwa mojawapo ya chaguo zake, lakini Valkey ilishasimama kwa miguu yake. Jambo kama hilo haliwezi kutokea kwa kiini cha mfumo endeshi wa Linux, na sababu yake ni ya kisheria zaidi kuliko ya kiungwana: maelfu ya waliochangia kila mmoja amebaki na haki miliki ya sehemu yake, na leseni yao inataka mabadiliko yote yasambazwe kwa masharti yale yale, kwa hiyo hakuna anayeweza kubadilisha masharti peke yake. Taasisi inayofikiria kuweka kumbukumbu zake kwenye programu huria iulize haki miliki iko mikononi mwa nani kabla ya kuuliza kama skrini inapendeza.

Na kuna miradi ambayo haina baraza, wakfu wala kampuni. Ina mtu mmoja. Xz ni programu ndogo ya kukandamiza faili ili zichukue nafasi ndogo, imo ndani ya mifumo mingi ya Linux. Mtunzaji wake alikuwa akifanya kazi hiyo bila malipo, na aliwahi kueleza hadharani kwamba amechoka. Akaunti kadhaa zilimshinikiza akubali msaidizi, na msaidizi aliyejiita Jia Tan alikuwa tayari, mwenye bidii na adabu, kwa zaidi ya miaka miwili. Mwishowe akapenyeza mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingia bila ruhusa, katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Tarehe 29 Machi 2024 mhandisi Andres Freund alitangaza aliyoyagundua, baada ya kusumbuliwa na jambo ambalo wengi wangelipuuza: kuingia kwenye seva kulikuwa kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Habari nyingi zilimsifu yeye, kwa haki kabisa. Zilizoeleza kwamba shinikizo lile lilifanana sana na lugha ya kawaida ya watumiaji wenye hasira zilikuwa chache.

Ndiyo maana nasisitiza namna ya kulalamika. Taarifa inayomsaidia mtunzaji inataja namba ya toleo, ulichotaka kufanya, ulichobofya kwa mfuatano, ulichotarajia na kilichotokea. Ukiambatisha picha ya skrini ni bora zaidi. Usiandike suluhisho kabla ya kueleza tatizo. "Ongezeni kitufe hapa" haisemi kitu, lakini "nilitafuta pa kuhifadhi JPEG kwa dakika kumi" inasema. Tafuta kwanza kama lalamiko lako limeshaandikwa, na kama mjadala ulifungwa kwa uamuzi, soma sababu yake kabla ya kuufungua upya. Usipojibiwa kwa miezi, angalia tarehe ya toleo la mwisho na idadi ya majina tofauti yanayoonekana kwenye mabadiliko ya mwaka uliopita. Ukikuta jina moja tu, unajua aliyenyamaza ni nani, na pengine ni kwa nini.