4x4 Haichukui Nafasi ya Matairi ya Theluji

Wengi wetu tuliozoea tope la masika, tukikodi gari Ujerumani wakati wa baridi tunawaza: nikipata 4x4, theluji hainisumbui. Sivyo. 4x4 husaidia gari kuondoka pale lilipokwama. Kusimama ni habari nyingine: breki za gari lolote hukamata magurudumu yote manne, na kinachoamua utasimama wapi ni mpira ulioshika barabara. Matairi ya kiangazi hukakamaa kwenye baridi. Ya theluji hubaki laini, na yana vichanjo vyembamba vinavyoing'ata theluji.

Kwa hiyo kabla ya kusaini, chuchumaa utazame ubavu wa tairi. Tafuta mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Herufi M+S (tope na theluji) peke yake hazitoshi tena Ujerumani tangu Oktoba 2024. Ukikutwa bila alama ya mlima kwenye theluji au barafu, faini huanzia euro 60, na "ndivyo nilivyokabidhiwa" haimwokoi dereva.

Minyororo ya kufunga kwenye matairi mara nyingi haiji na gari, iombe mapema. Kwenye 4x4, kitabu cha gari ndicho husema ifungwe mbele au nyuma. Ukishafunga, endesha mita chache, simama, kaza tena, na usizidi kilomita 50 kwa saa. Jaribu kwanza mchana, palepale kwenye maegesho. Usiku mlimani, vidole vimekufa ganzi, ile ndoano ya mnyororo iliyo nyuma ya gurudumu haionekani wala haishikiki.