Wingi wa Watalii Si Lazima Uwe Wingi wa Mapato

Wengi huamini kwamba watalii wakiongezeka, mapato ya nchi inayowapokea huongezeka kwa kiwango hicho hicho. Imani hiyo inaeleweka. Hata hivyo, takwimu za kuwasili huhesabu mara wageni walizoingia nchini, si siku walizokaa wala fedha walizotumia, na (jambo linalosahaulika mara nyingi) humjumuisha pia aliyekuja kikazi au kutembelea jamaa. Isitoshe, sehemu ya malipo ya safari hubaki kwa mashirika ya ndege na mawakala wa ng'ambo. Anayetaka kuhakiki alinganishe idadi ya wageni, wastani wa siku za kukaa na mapato yaliyoondolewa athari ya mfumuko wa bei, akichunguza pia mwaka wa ulinganisho, kwani ukuaji unaopimwa dhidi ya 2020, mipaka mingi ilipofungwa, huonekana mkubwa mno.