Picha ya F5 bado si umbo: soma kabla hujaleta faili karakanani

Malalamiko yamezidi kwenye dirisha la kupokelea kazi. Mteja anafika na faili la OpenSCAD (programu ya kuunda maumbo ya 3D kwa kuandika maagizo), anatuonyesha kishikio cha bomba kikizunguka kwenye skrini bila dosari. Tukikikataa, anaondoka akisema mashine yetu ya kuchapa 3D ni mbovu. Mashine ni nzima.

Ukibonyeza F5, kitufe cha onyesho la haraka, programu haikokotoi umbo. Inayashika maagizo yako ya difference() (kutoboa au kuondoa) na union() (kuunganisha) kama mti, kisha kadi ya michoro inachora jinsi matokeo yatakavyoonekana. Hesabu yenyewe imeahirishwa. Watunzi wa programu huuita uvivu, na ni uvivu wa busara: nani atake kungoja dakika kadhaa kila anaposogeza tundu milimita moja? Deni hilo hulipwa kwa F6, kitufe cha kukokotoa umbo lenyewe, na bila F6 hakuna STL, yaani faili la umbo linalotumika kuchapa.

Chukua michemraba miwili inayogusana kwenye ukingo mmoja tu. F5 itakuchorea vizuri kabisa. Kwenye F6 ya toleo la 2021.01, konsoli inaandika "Simple: no", yaani umbo si gimba halali, kwa kuwa ukingo ule unashirikiwa na nyuso nne badala ya mbili. Iingilianishe kwa milimita 0.1, yamekwisha. Kwa polyhedron(), yaani maumbo unayoyaandika uso kwa uso, zenye nyuso ambazo pembe zake zimeandikwa kwa mpangilio wa kinyume, bonyeza F12. Zenye kasoro zitakuwa za waridi.

Wapo wanaotuambia Manifold, maktaba mpya zaidi ya kukokotoa maumbo inayotumiwa na OpenSCAD, imemaliza haya yote. Imepunguza kungoja, tena sana, lakini nayo huahirisha. Ukiitumia ndani ya programu ya lugha ya C++, union inarudi papo hapo kwa sababu haijafanya kitu. Kazi inaanza ukiuliza idadi ya pembetatu au hali ya umbo. Anayepima muda wa union peke yake anajisifia bure.

Utaratibu ni huu. Leta STL pamoja na .scad yake kwenye flashi moja, majina yakifanana, tarehe mwishoni. Jaza fomu ya kijani, si nyeupe. Nyeupe ni ya kukata kwa leza. Faili likikataliwa unarudi mwisho wa foleni. Likikataliwa mara tatu ndani ya mwezi, akaunti inasimamishwa wiki mbili, na ada hairudishwi, isipokuwa kosa likithibitika kuwa letu, kwa maandishi, ndani ya siku saba.

Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu haipokelewi.