Timu inayofungwa kila wiki inaanza kujengwa wapi?

Timu ikipoteza mechi nne mfululizo, vijiwe vya kahawa vya Kigoma hugawanyika papo hapo. Watu wa mtaa wa Mwanga watakwambia kocha aondoke leo, asisubiri kesho. Ukishuka Ujiji utasikia kocha hana kosa, viongozi ndio wamebana hela na hawakusajili watu. Wazee wa Gungu, ambao wengi wao waliwahi kuucheza mpira wenyewe, hawataki habari za kocha wala za usajili. Wanataka vijana wa hapa hapa wapewe jezi, kwa sababu mtoto wa nyumbani hatembei uwanjani huku mama yake yuko jukwaani.

Mimi ni mwalimu wa mpira. Nafundisha vijana, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kukaa na video za mechi, kusimamisha, kurudisha nyuma na kuandika. Nikipita kijiweni swali ni lile lile: "Mwalimu, hebu tuambie, tuanzie wapi?" Jibu ni refu kuliko kikombe cha kahawa, kwa hiyo naliandika hapa.

Tuanzie kwenye mabao tuliyofungwa. Yote, moja moja.

Shabiki anakumbuka nafasi zilizokoswa, maana ndizo zilizomwinua kwenye kiti. Ndiyo sababu timu ikifungwa 2-1 mjadala wote unaishia kwa straika aliyebaki na kipa akapaisha. Lakini timu inayoshuka daraja mara nyingi haishuki kwa kukosa mabao tu. Inashuka kwa kufungwa bao la aina moja tena na tena, bila mtu yeyote klabuni kugundua kwamba ni bao lile lile.

Kuna timu moja ya madaraja ya chini iliniita nikaitazame ilipokuwa mkiani. Uongozi ulishaamua kwamba tatizo ni kipa, na kipa mpya alikuwa ameshaanza kutafutwa. Nikaomba video zote walizokuwa nazo, nikafungua daftari na kuchora mistari minne: dakika ya bao, mahali mpira ulipopotelea, nani alikuwa karibu, na mguso wa mwisho ulitokea wapi. Zaidi ya nusu ya mabao yalikuwa ndugu wa baba mmoja. Kona inapigwa, kipa anatoka na kuupiga mpira ngumi, unadondoka nje kidogo ya kumi na nane, yaani eneo la penalti. Pale hakuna mtu. Wachezaji wote wamerundikana ndani ya sita, kile kiboksi kidogo mbele ya goli. Adui anaupokea mpira peke yake, ananyanyua kichwa, anaurudisha ndani. Mabeki watatu wanakimbia kutoka ili wamwache mtu kwenye kuotea, wa nne amebaki ameshika nguzo, anakaba kwa macho. Mfungaji hayuko kwenye kuotea kwa sababu ya huyo mmoja. Bao. Kamera inamwonyesha kipa amelala chini, na jukwaa zima linamzomea kipa.

Tulichofanya hakikugharimu hata shilingi ya usajili. Wachezaji wawili waliwekwa kwenye duara la nje ya kumi na nane, kazi yao ni mpira wa pili tu, yaani ule unaodondoka baada ya kuokolewa. Beki mmoja mwenye sauti akapewa amri ya kutoka: akipiga kelele, wote wanatoka pamoja, wa kwenye nguzo akiwamo. Kila mazoezi, dakika 20 za kona tupu. Kipa yule yule aliyekuwa afungashiwe virago alimaliza msimu akiwa langoni.

Sasa turudi kwa watu wa Mwanga na hoja yao ya kocha. Ninaielewa hasira yao. Hata hivyo tuitazame Yanga kati ya 2017 na 2021, maana hapa Kigoma nusu ya kijiwe ni Yanga na kila mtu anaikumbuka miaka ile. Yusuf Manji, mwenyekiti aliyekuwa akiifadhili, aliondoka 2017, hela ikakata, ikafika mahali Mwinyi Zahera, kocha kutoka Kongo, ng'ambo ya ziwa letu, akawa anasimamia kutembezwa kwa bakuli la michango ili timu iendeshwe. Zahera akatimuliwa mwishoni mwa 2019. Akaja Luc Eymael, naye akaondolewa 2020 baada ya maneno yake ya kibaguzi dhidi ya mashabiki. Akaja Zlatko Krmpotić, hakumaliza hata miezi miwili. Akaja Cedric Kaze kutoka Burundi, akaondoshwa Machi 2021. Ubingwa bado ulikuwa Msimbazi, kwa Simba, misimu minne mfululizo.

Aprili 2021 akaja Nasreddine Nabi, na msimu uliofuata Yanga ikawa bingwa bila kupoteza mechi ya ligi. Hapo ndipo mtu wa Mwanga ananiambia: "Unaona? Kocha!" Namjibu kwa mambo mawili. La kwanza, Kaze yule yule aliyefukuzwa alirudishwa awe msaidizi wa Nabi, na alikuwa kwenye benchi la kikosi kile kisichofungika. La pili ni kwamba kikosi hakikuwa kile Kaze alichokiacha.

Kitazameni kilivyojengwa. Bakari Mwamnyeto, beki wa kati, alitoka Coastal Union 2020. Dickson Job, beki wa kati, alitoka Mtibwa Sugar dirisha dogo la usajili la Januari 2021. Dirisha kubwa la 2021 akaja kipa Djigui Diarra, wakaja Djuma Shabani na Yannick Bangala, akaja Khalid Aucho wa kusimama mbele ya mabeki. Straika Fiston Mayele alikuja dirisha hilo hilo, na kwa sababu ya kutetema kwake akishangilia bao watu wanamkumbuka yeye kwanza. Lakini alipoanza kufunga, nyumba nyuma yake ilikuwa imeshaezekwa. Miaka miwili baadaye timu ile ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na ikalikosa kombe kwa sheria ya bao la ugenini, mbele ya USM Alger.

Kuhusu kufukuza kocha kwa jumla, kuna utafiti ninaopenda kuutaja. Mchumi wa Kiholanzi Bas ter Weel alipitia ligi ya nchi yake kuanzia 1986 hadi 2004. Alikuta kwamba timu iliyofukuza kocha baada ya kuporomoka huinuka kweli, ila timu iliyoporomoka vile vile na kumbakiza kocha wake nayo huinuka. Kipindi kibaya kina mwisho wake, na anayekuwa kwenye benchi siku hiyo ndiye anayebebwa mabegani. Sisemi kocha asiguswe kamwe. Ukimwuliza baada ya vipigo vitano ni kitu gani hasa anafundisha wiki hii, akakujibu "tunaendelea kurekebisha makosa madogo madogo" bila kuweza kulitaja hata kosa moja, huyo muondoeni.

Kwa watu wa Ujiji na hoja ya usajili, nawapa mfano wa KenGold ya Mbeya. Ilipanda ligi kuu msimu wa 2024/25, ikajikuta mkiani. Dirisha dogo likafunguliwa, wakaletwa Bernard Morrison, Kelvin Yondani, Obrey Chirwa na wengine kadhaa. Ni majina yaliyowahi kutikisa Taifa. Timu ikashuka daraja msimu huo huo. Sizungumzi kwa kuwabeza wachezaji hao, ni watu waliofanya makubwa. Lakini fikirieni kinachotokea kambini timu inapopokea kundi la watu wapya katikati ya msimu. Hawajacheza pamoja hata mechi ya kirafiki. Wengine hawajacheza miezi mingi, pumzi hazipo. Waliokuwepo wanaona nafasi zao zimeuzwa na mishahara ya wageni ni mikubwa kuliko yao. Beki wa kushoto hajui kama winga wake anarudi kukaba au harudi, na hilo hujifunzwa kwa kucheza pamoja wiki kwa wiki. Dirisha dogo halina wiki hizo.

Kwa timu iliyo mkiani mimi nataka wachezaji wawili, wasizidi watatu: beki wa kati anayeongea, kiungo mkabaji anayejua kusimama, na kama hela imebaki, mtu wa mipira iliyokufa, yaani kona na faulo. Straika mwenye jina ni wa mwisho kwenye orodha. Atafunga vipi kama mpira haufiki kwake, na haufiki kwa sababu timu nzima imerudi kuzuia kuanzia dakika ya kwanza?

Wazee wangu wa Gungu, hoja yenu naipenda kuliko zote, na ndiyo inayoniogopesha kuliko zote. Nawaona vijana wa Kibirizi na Katonga wanaocheza mchangani jioni. Wana miguu ambayo mazoezi ya kawaida hayawezi kuitengeneza. Lakini kijana wa miaka 18 ukimwingiza kwenye timu inayozama, akiwa na vijana wenzake wanane, unamchoma. Akifungwa manne mbele ya jukwaa lililojaa, anazomewa, anarudi mtaani, na mwakani hamumwoni tena. Kijana mmoja au wawili kwa wakati, tena pembeni ya mkongwe anayemwelekeza kila dakika, hapo sawa. Winga chipukizi mbele ya beki wa pembeni mzoefu, hapo sawa. Kipa chipukizi nyuma ya mabeki wawili wageni, hapana.

Kuna jambo ambalo vijiwe vyote vitatu havilitaji, nalo ni ofisi. Agosti 2023 majirani zetu wa Tabora walianza ligi kuu kwa mechi dhidi ya Azam kule Chamazi wakiwa na wachezaji 8 tu, kwa sababu usajili wa wengine haukuwa umekamilika. Wakaumia wakabaki pungufu ya saba, mwamuzi akamaliza mpira wakiwa nyuma 4-0. Kocha gani angeokoa hilo? Klabu ile ile ikabaki ligi kuu kupitia mechi za mchujo, na Novemba 2024, kwenye uwanja ule ule wa Chamazi, Tabora United ikaifunga Yanga 3-1. Ndani ya miezi 15.

Na mishahara. Kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji ambaye hajalipwa mishahara ya miezi miwili kuiandikia klabu, kuipa siku 15, na asipolipwa avunje mkataba kwa haki. Wanaoondoka kwa njia hiyo ni wale wenye pa kwenda, yaani wachezaji wenu bora. Wanaobaki wanacheza huku wakiwaza kodi ya nyumba. Shabiki anaona mtu mvivu. Mimi kwenye video namwona beki anayefika kwenye krosi akiwa amechelewa nusu hatua, mechi baada ya mechi, na najua kuna jambo nje ya uwanja.

Sisi wa Kigoma tuna hesabu nyingine tena, ya safari. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200. Timu ikicheza ugenini Tanga au Mbeya kisha ikarudi kwa barabara, siku mbili za mazoezi zimekwenda, na zilizobaki ni za kupumzisha miguu, wala si za kufundisha mbinu mpya. Kwa hiyo mechi za nyumbani, Uwanja wa Lake Tanganyika, ni lazima zibebe timu. Simba waliutambua uwanja ule Aprili 2024, Mashujaa wetu wa Kigoma walipowatoa Kombe la Shirikisho la hapa nchini kwa penalti baada ya sare ya 1-1. Mgeni naye amesafiri, na joto la ziwa halimpendelei.

Tuweke hesabu mezani. Ligi ina timu 16 na mechi 30. Wawili wa mwisho wanashuka moja kwa moja, wawili wa juu yao wanaingia mchujo. Tuseme timu ina pointi 7 baada ya mechi 12 na imejiwekea lengo la pointi 33. Inahitaji 26 katika mechi 18. Kijiwe kinapiga hesabu ya ushindi: 8, sare 2, na vipigo 8 vinavumilika. Lakini timu yenye pointi 7 tu katika mechi 12 itaanzaje ghafla kushinda karibu kila mechi ya pili? Mimi napiga hivi: ushindi 6, sare 8, vipigo 4. Pointi ni zile zile 26. Tofauti ni kwamba ushindi umepungua kwa mechi mbili tu, na vipigo vinne vimegeuzwa kuwa sare, na bao moja lisiloingia ndilo linalokupa sare. Ndiyo maana narudi kwenye daftari la mabao kabla ya kuzungumza jina la mchezaji yeyote.

Basi dirisha dogo linapokaribia na wanachama wakaitwa kwenye mkutano, msimwulize mwenyekiti anamleta nani. Mwulizeni mabao yote tuliyofungwa mzunguko wa kwanza yalitokana na nini, na ni mangapi yalitokana na kona na faulo. Mwulizeni nani klabuni ameyaandika. Mwulizeni mshahara wa mwezi uliopita umelipwa tarehe ngapi. Na kocha awepo ukumbini, ajibu la kwanza kwa mdomo wake mwenyewe.