Daftari la Duka la Chakula cha Mbwa na Paka

Wanaotaka kufungua duka la chakula cha mbwa na paka wakinijia kuomba ushauri, swali la kwanza huwa lile lile: maduka makubwa na ya mtandaoni yanauza kwa bei ambayo mimi hata kwa jumla siipati, nitawawezaje? Jibu langu huwakera wengi. Kwa bei, hutawaweza.

Chukua hesabu ndogo. Mfuko umeununua kwa 80, unauuza kwa 100, faida yako 20. Ukipunguza asilimia 10 tu ili umvute mteja, unauza kwa 90 na faida imebaki 10. Maana yake lazima uuze mifuko miwili pale ulipokuwa unauza mmoja, ndipo urudi ulipokuwa jana. Na kodi ya fremu haikupunguzwa. Duka kubwa likipata hasara kwenye chakula cha mbwa litafidia kwenye sabuni na sukari. Wewe huna sukari.

Unachoweza kuwa nacho wewe ni siku. Namaanisha siku ambayo mfuko wa mteja utakwisha.

Mbwa anayekula gramu 250 kwa siku humaliza mfuko wa kilo 15 baada ya siku 60. Ni hesabu ya mtoto wa shule, lakini wauza chakula wengi hawaifanyi. Daftari langu lina safu hizi: jina la mwenye mnyama, jina la mnyama (hili la pili usilisahau hata ukilisahau la kwanza), umri, uzito, anakula nini, kiasi gani kwa siku, na tarehe ya kununua. Siku ya 53 napiga simu: "Simba anaendeleaje? Nadhani mfuko umebakiza kama wiki moja, nikuwekee mwingine?" Mteja aliyekwisha kuwekewa mfuko hapiti tena kulinganisha bei. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza kwamba hata mteja hupotea hivyo hivyo.

Utaniambia maduka ya mtandaoni nayo yana oda za kujirudia kila mwezi. Ni kweli. Ila oda hiyo haiulizi kitu. Mfuko wa siku 60 ukiisha siku ya 40, kuna jambo: ama mbwa anajaziwa bakuli na kila mtu nyumbani na sasa ananenepa, ama amezaa, na mbwa anayenyonyesha huweza kula mara mbili hadi tatu ya kawaida yake. Mfuko ukifika siku ya 75 na bado una chakula, huenda mbwa hali vizuri, na hapo namwambia mwenyewe aende kwa daktari wa mifugo kabla ya kununua chochote kwangu. Siku hiyo sikuuza. Lakini mtu huyo hanunui pengine tena.

Jambo la pili ni kujua kusoma lebo, kwa sababu mteja atakuja na swali ambalo kijana wa kupanga rafu hawezi kulijibu. La kawaida ni hili: "Mbona kopo limeandikwa protini asilimia 10 na chakula kikavu asilimia 26, halafu mnasema kopo lina nyama zaidi?" Toa kwanza maji kwenye hesabu. Kopo lenye maji asilimia 78 limebakiwa na 22 tu ya chakula chenyewe. 10 katika 22 ni kama asilimia 45. Kikavu chenye maji asilimia 10 kina 90. 26 katika 90 ni kama 29. Mimi huiandika hesabu hii mbele ya mteja, nyuma ya risiti, akaondoka nayo. Hapo hapo humweleza pia kwamba viungo hupangwa kwa uzito kabla ya kupikwa, kwa hiyo nyama mbichi ikiongoza orodha, sehemu kubwa ya uzito wake ni maji.

Na usikubali mtu alishe paka chakula cha mbwa eti kwa kuwa ni nafuu. Paka anahitaji taurini kutoka kwenye chakula chake, kwani mwili wake hautengenezi ya kumtosha. Mwaka 1987 watafiti Marekani walionyesha kwamba upungufu wake huharibu misuli ya moyo wa paka. Uza kidogo, lakini uza kilicho sahihi.

Sasa mzigo. Hapa ndipo nilipoumia. Nilifungua na aina zaidi ya 40, nikidhani rafu iliyojaa ndiyo duka. Nusu ililala. Chakula kikavu kina mafuta, na mafuta yakikaa huchacha. Mbwa ananusa, anageuza shingo, mteja anarudisha mfuko. Nikaja kubaki na aina 12, na chakula kinachoisha muda mapema hukaa mbele hata kama kiliingia dukani jana. Ukipata mali kauli kwa muuza jumla, kopa kile kinachotoka ndani ya mwezi, si kile anachotaka kukiondoa ghalani kwake.

Kupima kwa kilo kunaleta watu, nami nakufanya, ila mfuko asili hautupwi mpaka punje ya mwisho itoke, na namba ya toleo, ile inayoonyesha mfuko ulitengenezwa katika kundi gani, huiandika kwenye kila pakiti. Mwaka 2007 vyakula vingi vya mbwa na paka viliondolewa sokoni Amerika Kaskazini baada ya melamini, kemikali ya viwandani, kukutwa kwenye gluteni ya ngano iliyotoka China. Aliyekwisha kumimina chakula ndooni na kutupa mfuko, angejuaje kama chake kimo?

Jambo moja nilijifunza baadaye. Nilimpigia mama mmoja siku ya 53 kama kawaida yangu, nikauliza habari za mbwa kwa sauti ya uchangamfu. Kimya. Kisha akaniambia tumemzika wiki mbili zilizopita, na mfuko wenu uko pale jikoni nusu. Nilikosa la kusema. Nilienda mwenyewe kuuchukua ule mfuko na kumrudishia pesa ya nusu iliyobaki, na daftarini nikapiga mstari kwenye jina. Siku hizi nikipiga simu, huanza na "hamjambo nyumbani?" halafu nasubiri.