Kwa nini Diwali huhama tarehe kila mwaka lakini haiachi msimu wake?

Mwaka 2022 Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, ilikuwa tarehe 24 Oktoba. Mwaka 2023 ikasogea mbele hadi 12 Novemba. Mwaka 2025 ilikuwa imesharudi nyuma hadi 20 Oktoba, na 2026 inaruka tena mbele hadi 8 Novemba. Jirani asiye Mhindu, awe Nairobi au Dar es Salaam, husikia fataki zikilia akajiuliza: kwani hawa hawana tarehe maalumu?

Wanayo, tena ni ya tangu kale, ila hufuata mwezi wa angani. Diwali huwa usiku wa kiza, mwezi usipoonekana kabisa, na ndiyo sababu taa ndogo za udongo hupendeza kiasi kile. Waislamu wa Pwani wanaweza kuupima wenyewe usiku huo: siku moja au mbili tu baada ya Diwali, hilali ya mwezi mpya huonekana upande wa magharibi.

Sasa, miezi 12 ya mwandamo ina siku 354 hivi, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11. Kalenda ya Kiislamu huuacha upungufu huo ulivyo, ndiyo maana Ramadhani huzunguka misimu yote kwa muda wa miaka 33 hivi. Wahindu walichagua njia nyingine. Upungufu unapojikusanya, huongeza mwezi mzima wa 13, ambao kwao huitwa adhik maas. Wala hauongezwi kwa kubahatisha: jua huhesabiwa kuwa linapita katika nyota 12 za falaki, na mwezi wa mwandamo ukiisha bila jua kuhama nyota moja kwenda nyingine, huo ndio wa ziada. Katika kila miaka 19 hutokea miezi 7 ya namna hiyo.

Kwa hiyo Diwali hurudi nyuma siku 11 hivi mwaka hadi mwaka, na ukiingia mwezi wa ziada husonga mbele siku 19 hivi. Mwaka 2023 mwezi huo ulikuwa kati ya Julai na Agosti. Wa 2026 ni kati ya Mei na Juni. Mimi hesabu hii hunistaajabisha kila nikiitazama, maana iliwekwa na watu waliolitazama anga kwa macho matupu.

Na walikuwa na sababu nzito. Gujarat, ambako ndiko asili ya familia nyingi za Kihindu za Afrika Mashariki, hunyeshewa mvua kubwa Juni hadi Septemba. Diwali ikiangukia Julai, taa za uani zingezimwa na mvua na ghala lingekuwa tupu. Inapokuja Oktoba au Novemba, anga imetakata na karanga, mtama na pamba vinavunwa. Bahari nayo imetulia, na upepo wa kaskazi unakaribia, ule uliozileta jahazi za Kutch, pwani ya Gujarat, hadi Zanzibar na Mombasa. Ndio wakati ambao wafanyabiashara wa Kigujarati hufunga hesabu za mwaka na kufungua daftari jipya, likiombewa dua mbele ya Lakshmi, mungu wa kike wa neema na mali. Mwaka wao mpya huanza mara baada ya Diwali. Ulioanza Oktoba 2025 ni wa 2082 kwa kalenda ya Vikram.

Linabaki jambo moja linalowasumbua hasa walio ughaibuni. Siku ya kalenda hii haianzi saa sita usiku. Hupimwa kwa umbali kati ya mwezi na jua, na huweza kuchukua saa 19 au hata 26. Diwali inataka siku ya kiza ikutane na magharibi, jua linapotua. Mwaka 2024 siku hiyo ya kiza ilianza India alasiri ya 31 Oktoba ikaisha jioni ya 1 Novemba, hivyo ikagusa magharibi mbili, na miji mingine ikasherehekea siku ya kwanza, mingine ya pili. Jua la London au Toronto nalo hutua saa kadhaa baada ya lile la Mumbai. Kwa hiyo mtu akikuuliza tarehe ya Diwali, mwulize kwanza yuko mji gani, na hekalu lake linafuata kalenda ipi.